Tupeane uzoefu: Tozo ya ujuzi imemfanya mwajiri wako afundishe watu, au aache?

Wadau, heshima kwenu. Mimi ndiye naandaa mishahara kiwandani hapa Tanzania, na kila bosi akiiona SDL, yaani tozo ya ujuzi ambayo mwajiri hulipa serikalini, huniuliza, "Hii si ndiyo ya kusomesha mafundi?" Ilikuwa 6%, ikashuka hadi 5% mwaka 2013, na Julai 2023 ikashushwa hadi 3.5% ya malipo yote ya wafanyakazi. Hairudi hata ukifundisha kiwanda kizima. Nikipeleka bajeti ya mafunzo naambiwa tumeshalipa serikalini. Nikimwambia siyo yote inayokwenda VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, bosi ananuna tu.

Kwangu shida si asilimia. Anayefundisha na asiyefundisha wanalipa sawa, sasa nani ajisumbue? Leteni visa vyenu, nadharia tunazo za kutosha.

Fundi Gereji: Mkuu, sisi tuko saba. Tangu 2021 mwenye wafanyakazi chini ya kumi halipi SDL, ila vijana wa kujifunza kazi wamejaa huku kwetu! Dogo anaanza na kuosha nati kwa petroli, anazijua spana namba kwa namba, baadaye ndiyo anaruhusiwa kushusha giaboksi. Akishaiva, kampuni kubwa inamchukua ikiwa haijatoa hata senti ya kumfundisha. Mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi ulinipa cheti bila kukaa chuoni, hapo nashukuru. Mwenzangu naye alipata chake, hakumaliza mwezi akahama. Simlaumu.

Mchomeleaji wa Thika: Huku Kenya ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinaenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na mwajiri akifundisha anaweza kudai arudishiwe. Mimi nilisomea uchomeleaji wa gesi kwa njia hiyo. Lakini kibali huombwa kabla ya mafunzo. Kuna mwaka mdosi alitufundisha kwanza, fomu akajaza baadaye, hakuona ndururu. Siku hizi tunafundishwa karatasi zikiwa tayari, hata kama mashine mpya imeshakaa miezi ikingoja mtu wa kuiendesha.

Mwenye uzi: Kumbe marejesho yanavuta, ila yanamvuta mwenye ofisi ya kujaza fomu. Fundi Gereji hana cha kudai, maana hakulipa, na ndiye anayefundisha kutuzidi sote.

Fundi Gereji: Mimi marejesho sihitaji. Wanilipie bima ya dogo na viatu vya usalama, kesho naongeza wawili.