Mrejesho: oda za mtandaoni kwa wanunuzi wa kiwanda

Wakuu, niliwauliza kiwanda chetu cha vipuri kitauzaje mtandaoni wakati kila mnunuzi ana bei yake ya mkataba. Asanteni sana, imekubali! Ushauri wa kuunganisha tovuti na mfumo wa stoo na uhasibu kwanza, mapambo baadaye, ndio uliotuokoa. Mteja akiingia kwenye akaunti yake anaona bei zake tu, mzigo uliopo na kikomo chake cha mkopo.

Wanachokipenda zaidi wateja ni kurudia oda: fundi wao anaandika namba ya kipuri, oda inaenda kwa bosi wake kuidhinishwa, kisha inatufikia bila mtu kuichapa upya. Makosa ya namba yamepungua mno. Watu wetu wa mauzo walihofia kupoteza vibarua vyao. Sasa wana muda wa kuwasikiliza wateja. Kilichobaki ni kuunganisha tovuti yetu na wanunuzi wenye mifumo yao ya manunuzi.