Vitafunwa vya mboga kwa sungura: vinaota ukungu

MkaziWaIpuli: Wakuu, habari za Tabora. Nakausha karoti juani, nikizifunga koponi zinaota ukungu. Nakosea wapi? Na simbilisi wapewe hizohizo?

Mama Sungura: Vipande vyako vinene. Kata milimita 3, tandaza kwenye chekeche lililoinuliwa, funika kwa chandarua, geuza mchana. Jioni ingiza ndani, umande unarudisha unyevu. Kipande kikavu kinavunjika kwa mlio. Kikipinda tu, rudisha juani. Acha kipoe kabisa kabla ya kufunga, maana cha moto hutoa jasho ndani ya kopo, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Masika msijisumbue na jua, tumieni oveni nyuzi 60–70, mlango wazi kidogo.

Fundi Banda: Naongeza biskuti: karoti 1 iliyokunwa, nusu ndizi mbivu, vijiko vikubwa 6 vya ukoka mkavu uliotwangwa. Kanda, bonyeza vidonge vya ukubwa wa shilingi mia, kausha hivyohivyo. Visiposhikana ongeza ukoka, siyo ngano wala asali. Kidonge 1 kwa siku kinatosha. Sukari ikizidi tumbo linajaa gesi, na sungura hawezi kutapika. Kitunguu, parachichi na majani ya nyanya, hapana.

Mama Sungura: Simbilisi anahitaji vitamini C kila siku, na kukausha kunaipunguza. Mpe hoho mbichi. Biskuti kwake ni anasa.

MkaziWaIpuli: Shukrani mama. Chandarua kipo, chekeche naazima.