Mrejesho: Lile kabati la Kitibeti lenye mafuvu

Wakuu, niliuliza kuhusu kabati la zamani nililonunua mnadani hapa Antwerp, Ubelgiji, lililochorwa mafuvu na ngozi za binadamu zinazoning'inia. Wengi mlisema ni la uchawi, nilitupe.

Nimelipeleka kwa fundi anayekarabati samani za Asia. Ni torgam, kabati la kuwekea torma, yaani sadaka za unga wa shayiri na siagi. Hukaa katika chumba cha miungu walinzi kwenye monasteri. Picha zile ni sadaka kwa walinzi hao wakali; ngozi iliyochunwa humkumbusha mtu avue ubinafsi wake. Kwa hiyo picha hizo hazikuchorwa kuwatisha wenye nyumba.

Sanduku dogo nililolipata pamoja nalo ni la furaha tupu: samaki wawili wa dhahabu, kombe jeupe la baharini la kupuliza, fundo lisilo na mwisho, zote kati ya alama nane za heri za Kibudha. Ubavuni yuko nguchiro anayetapika vito, mnyama wa mungu wa utajiri. Huyo ndiye kipenzi changu!

Aliyenishauri nilisugue kabati kwa maji na sabuni, hapana. Rangi zimeshikwa kwa gundi ya ngozi, maji yanaziyeyusha. Weusi ulio juu ya kabati ni moshi wa taa za siagi, na fundi amesema ubaki.

Mama mkwe bado hataki kuliona kabati, kwa hiyo limehamia stoo. Mnaouliza bei, siuzi.