Naomba ushauri: weusi mpana unatoka madoadoa kwenye chapa ya mbao

Wakuu, swali ni la uchapaji wa mbao (kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuikandamizia karatasi) kwa mtindo wa Die Brücke, kundi la wasanii lililoanzishwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1905 (Kirchner, Heckel, Schmidt-Rottluff, Bleyl): weusi mpana, kingo kali, alama za patasi zikiachwa zionekane. Wenyewe walichapa nyingi kwa mkono, hivyo kukosa mashine si kisingizio.

Natumia plaiwudi ya milimita 6, wino wa mafuta, karatasi kavu ya gramu 120 kwa mita ya mraba, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Mistari inatoka safi, ila weusi una madoa meupe. Nikiongeza wino, michongo myembamba inaziba.

Nahisi karatasi ni nene mno kwa kijiko. Nishuke hadi gramu ngapi? Au mbao inanyonya wino, nipake vanishi kabla ya kuchonga?