Kanuni za mwenendo katika kikundi cha maigizo cha mtaa: tuandike nini, na malalamiko yapelekwe kwa nani?

KatibuTanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha maigizo cha mtaa hapa Tanga. Tuko wanachama 23, sita kati yao hawajatimiza miaka 18, na hakuna anayelipwa. Tukialikwa na asasi tunapata nauli na chakula. Tukiandaa onyesho letu wenyewe, kila mtu huchangia alichojaliwa. Tunaigiza viwanjani na katika shule, zaidi kuhusu afya, mirathi na watoto wanaokatishwa masomo. Katiba tunayo, kwa sababu tuliihitaji katika usajili, lakini inazungumzia viongozi, ada na mikutano. Kuhusu mwenendo kuna sentensi moja tu, kwamba kila mwanachama atakuwa na nidhamu.

Mwaka jana sentensi hiyo ilitushinda mara tatu. Kwanza, mwongozaji wetu alimwomba binti wa miaka 16 abaki peke yake baada ya mazoezi ili warekebishe sehemu yake, na mama yake alipopata habari akamwondoa kikundini. Sisemi kwamba kulitokea ubaya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Na hakuna aliyeuliza kwa sababu kwa desturi yetu malalamiko yote hupelekwa kwa mwongozaji. Pili, mwanachama mmoja alipiga picha wenzake wakibadilisha maleba na kuiweka kwenye WhatsApp, ikabaki huko usiku mzima. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, mama mjane katika kijiji tulichotembelea alitueleza namna ndugu wa marehemu mumewe walivyomnyang'anya shamba. Baada ya wiki mbili mwigizaji wetu aliigiza kisa hicho katika kijiji cha jirani, akaiga mwendo wake, sauti yake na hata namna anavyojifunga kanga. Watu walimtambua kabla igizo halijafika katikati.

Nimepewa kazi ya kuandaa rasimu ya kanuni. Baadhi ya wenzangu wanasema sisi ni ndugu, na ndugu hawaandikiani sheria. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii kweli: ni mambo gani hayana budi kuandikwa, na nani ayasimamie?

---

MwalimuWaSanaa amejibu:

Ndugu Katibu, nitajikita katika jambo lako la tatu, kwa sababu ndilo linalotutofautisha sisi wa sanaa za maonyesho jamii na waigizaji wa aina nyingine. Mwigizaji wa tamthiliya iliyokwisha kuandikwa anapewa maneno na mwandishi. Sisi tunayachukua kwa watu walio hai, ambao kesho watakutana na majirani zao kisimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipofanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wenyeji walishiriki wenyewe kuyachambua matatizo yao na kuyaigiza, likiwemo la mimba za wanafunzi. Utaratibu huo una ulinzi ndani yake, kwa kuwa mwenye kisa yupo wakati kisa kinapogeuzwa kuwa igizo, na anaweza kusema hapa mmevuka. Vikundi vingi siku hizi vina haraka: huingia kijijini asubuhi, hukusanya visa mchana, kisha huondoka navyo. Mama yule hakupata nafasi ya kusema mmevuka.

Kwa hiyo katika rasimu yako andika kwamba kisa kilichosimuliwa na mtu hakiigizwi kama kilivyo. Sisi huchanganya visa visivyopungua vitatu, tukabadilisha uhusiano wa wahusika na mali inayogombaniwa: shamba likawa nyumba, shemeji akawa mjomba. Mwili na sauti ya msimuliaji haviigwi kabisa. Halafu, kabla ya onyesho la kwanza, anayehusika huonyeshwa igizo faraghani na kuulizwa kama anajiona ndani yake. Akijiona, tunabadilisha tena, hata kama onyesho ni kesho yake. Mwaka mmoja tulilazimika kuacha igizo zima kwa sababu hiyo. Tulilalamika sana siku ile, lakini hadi leo watu wa kijiji kile hutupokea.

Kuna eneo moja ambalo halitegemei hiari ya kikundi. Mtu akikueleza hali yake ya maambukizi ya VVU, au ya jamaa yake, siri hiyo haitolewi, na ipo sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inayohusu VVU na UKIMWI, ambayo inasisitiza usiri wa taarifa za namna hiyo. Wanaojitolea kwenu, hata yule anayebeba spika tu, waelezwe hivyo siku wanayojiunga.

---

MwigizajiMombasa amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Nimeigiza katika vikundi vya mitaa kwa miaka kumi na mitatu, na naomba kuzungumzia miili yetu jukwaani, jambo ambalo wengi huona haya kuliandika.

Maigizo yetu yana ulevi, kupigwa kwa wake, kutongozwa kwa wanafunzi. Ina maana kuna mtu ataguswa, atasukumwa, atashikwa nguo. Kanuni ya kwanza iwe kwamba mtu anaelezwa yaliyomo katika sehemu yake kabla ya kuikubali, wala hayagundui katika wiki ya tatu ya mazoezi. Ya pili ni kwamba tukio la kugusana au kupigana hupangwa hatua kwa hatua kama ngoma: mkono unaanzia wapi, unaishia wapi, nani anatoa ishara. Kilichopangwa hakiongezwi mbele ya watu kwa kisingizio kwamba hisia zilipanda. Niliwahi kupigwa kofi la kweli na mwenzangu kwa sababu hadhira ilikuwa imechangamka, na kiongozi wa siku hiyo akanisifu kwamba nimelia vizuri. Nilirudi nyumbani nimevimba shavu, na ilinichukua mwezi mzima kusimama tena karibu na yule mwenzangu bila kukunja bega.

Ninyi mnaotumia maigizo ya kushirikisha hadhira, kwa njia aliyoieneza Augusto Boal wa Brazili, mna hatari ya ziada. Mtazamaji anapoalikwa kuingia na kuchukua nafasi ya mhusika, hajafanya mazoezi nanyi wala hajui mmepatana nini. Mwezeshaji na atangaze mapema, kwa sauti, kwamba anayeingia atatumia maneno na hatamshika mwigizaji, na awe na ishara moja ya kusimamisha mchezo ambayo kila mwigizaji anaweza kuitumia bila kujieleza. Katika mada za ndoa, wako wanaume wanaoingia wakiwa na hasira zao wenyewe, na mwigizaji wa kike ndiye anayezipokea.

Kuhusu nani asimamie, mjini Chicago, Marekani, wasanii wa majumba madogo ya maigizo waliandaa mwongozo wa hiari uliotolewa mwaka 2017. Nilichokichukua humo ni mambo matatu. Kanuni husomwa kwa sauti mbele ya wote katika mazoezi ya kwanza, na waigizaji huchagua mmoja wao awe msemaji wao, asiye na madaraka mengine katika onyesho hilo. Njia ya malalamiko huandikwa kwa majina ya wahusika: ukianza kwa huyu na usiridhike, nenda kwa yule. Kwetu msemaji huyo hubadilika kila igizo, na tumekubaliana asiwe jamaa wala mpenzi wa mwongozaji.

Kosa kubwa katika kisa cha yule binti liko hapo. Mlimfanya mtu mmoja kuwa mlango pekee, na lalamiko lenyewe lilimhusu yeye.

---

MlezaWawili amejibu:

Mimi si msanii. Wanangu wawili wako katika kikundi cha maigizo hapa Morogoro, na ninaandika kama mzazi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo yule binti wa miaka 16 ni mtoto hata akicheza sehemu ya bibi harusi. Kwetu hakuna mazoezi ya mtoto mmoja na mtu mzima mmoja. Wawepo watu wazima wawili, na mlango ubaki wazi. Mazoezi ya watoto humalizika kabla ya magharibi. Kuna daftari linaloonyesha nani amemchukua nani, na watoto wana mahali pao pa kubadilishia nguo, hata kama ni pazia la kanga lililofungwa kwenye mwembe. Simu haziingii huko, na mtu mzima akimwandikia mtoto ujumbe kuhusu mazoezi, mzazi naye awemo katika mazungumzo hayo.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Viongozi wa kikundi wasijipe kazi ya kuchunguza kwanza ili waone kama kuna ukweli. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, na katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Ziandikwe ukutani mnapofanyia mazoezi, kwa maandishi ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuyasoma.

Nakuomba pia, ndugu yangu, mwende kumwona mama wa yule binti. Alipomwondoa mwanawe, alifanya peke yake kazi ambayo ilikuwa yenu.

---

MzeeWaJukwaa amejibu:

Wanangu, nimeyasoma yote na sina pingamizi juu ya watoto wala juu ya siri za watu. Nina hofu moja tu, nayo ni kwamba mkishaanza kuandika hamtajua pa kuishia. Anayejitolea ametoka kwenye genge lake au kwenye bodaboda, ameacha kipato cha jioni nzima. Huwezi kumtawala kama mwajiriwa.

Zamani nilikuwa mwenyekiti wa kikundi, tukaweka faini kwa wachelewaji. Waliokuwa na pesa walilipa na wakaendelea kuchelewa. Aliyeacha kuja alikuwa mama muuza vitumbua, ambaye hakuchelewa kwa uzembe, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sote. Mpaka leo najuta. Tulipoifuta faini, tulikubaliana kwamba atakayechelewa atume taarifa, na asiyetuma mara tatu nafasi yake apewe mwingine kwa onyesho hilo, bila kufukuzwa kikundini. Uchelewaji haukuisha, lakini ugomvi uliisha. Kuhusu pombe na mirungi hatukulegeza: aliyetumia siku ya onyesho hakupanda jukwaani, hata kama ndiye mhusika mkuu.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni bahasha. Vikundi nilivyoviona vikivunjika, vingi vilivunjwa na posho. Mwalikaji anatoa fedha, kiongozi anaipokea pembeni, waigizaji wanapewa nauli na kuambiwa ndicho kilichopatikana. Andikeni kwamba kiasi kilichopokelewa kitasomwa mbele ya wote kabla ya kuondoka uwanjani, aliyebeba maturubai akiwepo. Kiongozi asiyekubali kusomewa bahasha hana uso wa kumwambia kijana kuhusu nidhamu.

---

KatibuTanga ameandika tena:

Nawashukuruni nyote. Mzee, shikamoo, hoja ya bahasha sikuwa nimeifikiria, na nakiri kwamba hata kwetu imekuwa ikisomwa kwa viongozi watatu tu.

Rasimu nitakayoipeleka kwenye mkutano itakuwa fupi kuliko nilivyokusudia, ili iweze kusomwa kwa sauti yote kwa mara moja. Itaanza na wajibu wa mwongozaji na viongozi, kisha watoto, kisha visa vya watu, kisha kugusana jukwaani na picha. Faini nimeifuta. Msemaji wa waigizaji atachaguliwa kwa kila igizo, na lalamiko linalomhusu mwongozaji litapokelewa na msemaji huyo pamoja na mzazi mmoja ambaye si mwanachama. Nimemsomea mwongozaji sehemu hiyo jana. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama na yeye anaweza kumpelekea msemaji malalamiko yake. Nimeongeza sentensi inayomruhusu.

Kwa mama wa binti nimekwenda leo asubuhi. Alinisikiliza, hakuahidi kumrudisha mwanawe, na sikumwomba amrudishe. Jumamosi tutakwenda watatu kwa yule mjane, akiwemo mwigizaji aliyemwiga, kumwomba radhi nyumbani kwake na kumuuliza kama angependa tuseme neno lolote katika kijiji cha pili, au tunyamaze. Tutafuata atakalolitaka yeye.