Fundi amezizika seva zangu nne kwa kijiti cha meno

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu fundi wa ile kampuni ameondoka hapa kwangu Tabata hata robo saa haijapita. Siitaji kampuni yenyewe; ni ile ambayo ukiipigia simu unasikilizishwa muziki mpaka mwanao anamaliza darasa la saba.

Kosa langu lilikuwa kulalamika kwamba intaneti hukatika jioni. Kijana alifika, akaikagua ruta kama mbuzi wa mnadani, akachomoa kijiti cha meno kinywani mwake, narudia, kinywani mwake, akakidunga katika kile kitundu cha nyuma cha kuirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, na kuhesabu hadi kumi. Kisha akasema: "Imepona, mzee."

Nilikesha wiki tatu nikipanga mtandao ule. Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, yenye programu ya dnsmasq, ndiyo iliyovigawia vifaa anwani na kujibu majina, ili mke wangu aandike picha.home.arpa aone picha za harusi, badala ya kukariri 192.168.1.20 kama namba ya mtihani. DHCP ya ruta, yaani kazi yake ya kugawa anwani, nilikuwa nimeizima, kijiti kimeiwasha. Ruta imerudi kwenye mtandao wake wa kiwandani, 192.168.100, ilhali seva zangu zimebaki kwenye 192.168.1 kama abiria wa kituo ambacho daladala zimeacha kupita. Sasa nina manahodha wawili: simu iliyopewa anwani na ruta ina intaneti lakini haizioni seva, na iliyopewa na Pi inazijua seva zote kwa majina lakini haitoki nje ya geti. Ukurasa wa kuizima DHCP nao unadai nywila ya kampuni, ambayo mara ya kwanza niliipata kwa kumbembeleza fundi mwingine kwa soda mbili, na sasa imerudi ile ya kiwandani nisiyoijua.

Na kijiti, ndugu zangu, kilikuwa kimelowa.

Jibu la 1: Pole mkuu, lakini wiki tatu kwa majina manne? Mimi nimeandika namba zangu ubavuni mwa friji kwa kalamu ya wino mzito, na hajatokea fundi wa kuzifuta.

Jibu la 2: Ungeweka ruta yako mwenyewe nyuma ya ile ya kampuni, wangechokonoa ya kwao mpaka wachoke bila kugusa majina yako. Angalau basi ulihifadhi nakala ya mipangilio?

Mwanzisha uzi: Nakala ninayo. Imo ndani ya nakala.home.arpa.

Jibu la 3: Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Jibu la 4: Afadhali wewe uliyechagua home.arpa. Mimi seva zangu zote nilizipa majina ya .local, bila kujua kwamba tangu mwaka 2013 imetengwa kwa vifaa vinavyoitana vyenyewe bila seva ya majina, na sasa kompyuta moja inaiona printa na nyingine inaapa kwamba haijawahi kukutana nayo.

Jibu la 5: Hiyo ni nafuu. Kivinjari changu kiliamua chenyewe kupitisha maswali ya DNS, yaani ya kuulizia anwani ya kila jina, ndani ya HTTPS, ile njia iliyofungwa ya kufungulia tovuti, kikaacha kumuuliza Pi aliyeko sebuleni, kikawa kinakwenda kuulizia seva ya chumbani kwangu ng'ambo, ambako kinajibiwa kwamba jina hilo halipo. Nilibadilisha waya mbili kabla ya kugundua.

Jibu la 6: Wa jibu la 4, ipe printa anwani ya kudumu kwanza, kisha uiingize kwenye dnsmasq kwa jina jingine.

Mwanzisha uzi: Wakuu, kijiti kilitoka kinywani.

Jibu la 4: Nimejaribu sasa hivi, imekubali anwani lakini inachapisha kurasa tupu.

Jibu la 6: Ni ya wino wa maji au ya tona?