Samadi ya pembe kwenye mizabibu ya Ufaransa: inatumikaje?

Mhudumu_Arusha: Wakuu, wageni hotelini wanaulizia Coulée de Serrant, mvinyo mweupe wa familia ya Joly, wanaolima kwa biodynamic (kilimo bila kemikali za viwandani, kinachofuata pia kalenda ya mwezi). Ile samadi ya pembe inaandaliwaje?

Shamba_Moshi: Mkuu, pembe ya ng'ombe jike hujazwa mavi mabichi, huzikwa majira yote ya baridi. Ikifukuliwa bado kijani na inanuka, haijaiva. Gramu 100 hivi kwa hekta, maji vuguvugu lita 30. Koroga saa nzima: upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha geuza ghafla. Nyunyiza ardhini jioni hiyohiyo, ikilala hadi kesho, mwaga.

Mhudumu_Arusha: Kwa hiyo hawapigi dawa?

Mzee_wa_Pipa: Wanapiga! Salfa, na shaba kidogo. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mizabibu, hausubiri mwezi uandame. Halafu mvinyo wenyewe usiwape wageni ukiwa wa baridi kali, Chenin (zabibu yake) hufunga harufu. Umimine kwenye jagi mapema.